Akidi, paa na kisima: kisa cha mwaka mmoja katika kanisa la Kibaptisti

Kisa hiki ni cha kanisa moja la Kibaptisti lililouita mwaka wake "Mwaka wa Kufanywa Upya", likapanga huduma mpya na ukarabati wa jengo kwa pamoja. Majina, mahali na kila alama ya kumtambulisha mtu nimeviondoa. Jambo moja sikuliondoa: mwaka huo katibu wa kanisa nilikuwa mimi. Kalamu iliyoandika kumbukumbu za vikao ndiyo inayoandika hapa, na kosa mojawapo kati ya nitakayoyaeleza ni langu. Msomaji alijue hilo mapema.

## Hali ilivyokuwa

Jengo lilikuwa limepita miaka arobaini. Ukumbi ulijengwa kwanza, baadaye likaongezwa bawa la madarasa ya shule ya Jumapili, na paa la bawa likaungwa kwenye paa la ukumbi hata likatokea bonde kati yake. Chini ya bonde hilo, juu ya viti vya kwaya, dari ilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la sikio. Kila mwaka lilipakwa rangi nyeupe kabla ya Krismasi, na kila mwaka mvua kubwa ya kwanza ililirudisha, limekua kidogo.

Upande wa huduma, macho yalidanganya. Jumapili walikuja watu wazima tisini hivi, nyimbo zilipendeza, mahubiri yaliandaliwa vizuri. Ila kwa karibu miaka miwili hakuna mtu aliyebatizwa. Kwa kanisa linalobatiza watoto wachanga, pengine ungesema tu kwamba wanandoa wamechelewa kuzaa. Kwa Wabaptisti swali ni zito zaidi, maana kwao mtu haingii ushirika kwa kuzaliwa. Anaingia kwa kuikiri imani yake mwenyewe na kuzamishwa. Hapo ndipo walipojitenga tangu mwanzo: mwaka 1609 huko Amsterdam John Smyth na kundi lake la wakimbizi wa Kiingereza walianza upya kwa kuwabatiza waumini tu, na mwaka 1644 makanisa saba ya London yakaandika katika ungamo lao kwamba ubatizo ni kuuzamisha mwili wote majini.

Kisima chetu cha ubatizo kilikuwa chini ya mbao za jukwaa. Tulipozifunua baadaye, tulikuta viti vya plastiki vilivyovunjika miguu, nyota ya Krismasi ya waya, kinanda kisicho na vitufe, na maboksi mawili ya vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa. Tulikuwa tumekigeuza kisima kuwa stoo, na hakuna aliyekumbuka ni lini.

La mwisho ni katiba. Kanisa la Kibaptisti halina askofu wa kupelekewa shauri. Muungano wa Wabaptisti Duniani, ulioanzishwa London mwaka 1905, haulichagulii kanisa mchungaji wala haulipangii matumizi. Uamuzi ni wa washirika waliokusanyika. Katiba yetu iliongeza sharti: mkutano wa washirika hauamui lolote bila akidi, yaani idadi ya chini ya wanaohudhuria, nayo ni theluthi moja ya walioandikwa katika daftari la ushirika. Daftari lilikuwa na majina 214.

## Mkutano ulioshindwa

Mwezi wa kwanza, mchungaji na mashemasi watano walileta mpango uliopigwa chapa vizuri: vigae sakafuni, rangi ndani na nje, jukwaa jipya, vipaza sauti vipya, wiki ya uinjilisti, na darasa la ubatizo. Nilihesabu waliohudhuria. Arobaini na mmoja. Nikahesabu tena, maana niliwahitaji 72.

Mnong'ono ulianza. Ndugu mmoja alisema tupitishe tu, kila mtu anajua nusu ya majina yale ni ya watu waliokwisha kufa au kuhama. Mwingine akachekesha: kama marehemu bado ni washirika, basi nao watume udhuru. Watu walicheka, na mwenyekiti alikuwa karibu kuhoji wanaokubali.

Akasimama mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mtu asiyesema kikaoni ila mara moja kwa mwaka. "Ndugu mwenyekiti," alisema, "kitabu hiki tulikiandika wenyewe. Tukikivuka leo kwa ajili ya vigae, siku tukitaka kumfukuza mtu tutamshika kwa kifungu gani?"

Kikao kikafungwa bila uamuzi. Wengi walirudi nyumbani wamenuna, na mimi mmojawapo.

## Daftari

Mashemasi walikaa wiki iliyofuata. Kurekebisha katiba kungehitaji mkutano wenye akidi, yaani mlango uleule uliofungwa. Kuipuuza kulishakataliwa. Ila humohumo katibani kulikuwa na kifungu ambacho hakikuwa kimetumika hata mara moja: mshirika asiyehudhuria kwa mwaka mzima bila udhuru, akitembelewa na kuandikiwa, huhamishiwa orodha ya pembeni, na orodha hiyo haihesabiwi katika akidi. Mkutano unaofuata huthibitisha.

Walikubaliana kwamba kazi ya kwanza ya Mwaka wa Kufanywa Upya itakuwa kutembelea watu. Hawakulifikia hilo kwa utakatifu mwingi. Walilazimishwa na hesabu. Wawili wawili walipewa majina kumi na kitu kila jozi, na wiki kumi.

Yaliyopatikana yalituaibisha. Kumi na saba walikuwa wamefariki, na mazishi ya wawili kati yao hatukuyajua hata kwa fununu. Thelathini na wanne walikuwa wakiabudu katika makanisa mengine kwa miaka, bila barua ya uhamisho, na baadhi walisema waliiomba barua hiyo wakangoja hadi wakachoka. Thelathini na wawili ama hawakupatikana kabisa, ama walisema wazi wasihesabiwe tena. Ukiondoa hao, daftari lilibaki na majina 131, na akidi ikawa 44.

Jozi zilizofanya vizuri zilirudi na habari zaidi ya hesabu. Mama aliyeacha kuja kwa sababu ngazi za mlangoni zilimshinda. Vijana wawili waliohudhuria miaka mitatu bila kuulizwa na mtu kama wanataka kubatizwa. Mmoja wao alisema, "Nilidhani mnasubiri mimi nije. Kumbe na ninyi mlikuwa mnasubiri."

Sasa kosa langu. Wiki zilikuwa zinaisha na jozi kadhaa zilikuwa zimeandika "hatukumkuta" mara mbili mbele ya majina. Nikatunga ujumbe mmoja wa simu: unataarifiwa kuwa jina lako limehamishiwa orodha ya pembeni kwa mujibu wa kifungu fulani. Nikawatumia wote siku moja. Jioni nilipigiwa na mzee mmoja ambaye kwa mwaka na nusu alikuwa akimuuguza mkewe hospitalini na nyumbani. Jozi ilifika kwake mara mbili mchana, wakati yeye yuko wodini, na hakuna aliyewauliza majirani. "Mwanangu," aliniambia bila kupandisha sauti, "nilipokuwa mweka hazina niliwahi kuulipia umeme wa kanisa hilo miezi mitatu kutoka mfukoni mwangu. Leo ninahamishwa kwa meseji?"

Tulikwenda kwake na mchungaji. Jina lilirudishwa kabla halijafika mkutanoni, naye alitupokea. Binti yake, aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya, hakutupokea.

## Fundi juu ya paa

Wakati daftari likipitiwa, kamati ya ujenzi ilitafuta makadirio matatu. Shemasi mmoja ni mkandarasi mdogo, naye alijitolea kufanya kazi kwa bei ya ndugu. Kamati ilimpa uchaguzi: aombe kazi kama wengine na atoke chumbani tunapomjadili, au aiache zabuni atusimamie. Alichagua kusimamia, uso umemkunjamana. Baadaye tulimshukuru zaidi ya mara moja.

Fundi tuliyempata hakuliangalia doa kwa muda mrefu. Alisema doa huonyesha maji yalikotokea, si yalikoingilia. Alipanda na mpira wa maji, akaanza chini ya mteremko, akamwagia sehemu moja kwa dakika kadhaa, huku kijana mmoja akiwa juu ya dari na tochi. Kisha akapanda hatua moja, akamwagia tena. Ukianza juu, alieleza, maji yatashuka yakipita kila tundu na hutajua ni lipi. Baada ya karibu saa nzima kijana akapiga kelele. Maji yaliingia kwenye bonde la mapaa mawili, mita nne hivi kutoka kwenye doa, yakateremka juu ya mbao ya kenchi, yaani fremu inayobeba paa, yakadondokea kwaya. Bati la bonde lilikuwa jembamba mno, na nusu yake imeziba kwa majani na makombo ya zege waliyoyaacha waliojenga bawa.

Kisha akachomeka bisibisi kwenye ncha ya kenchi, pale inapokaa juu ya ukuta. Ikaingia hadi kwenye mpini, kama kwenye sabuni iliyolowa. Ya pili vilevile.

Ukuta wa kaskazini nao ulikuwa umekunywa maji ya gata iliyotoboka kwa miaka, ukiwa umefungwa kwa lipu ngumu ya saruji na rangi isiyopitisha hewa. Fundi alisema lipu ya chini ibanduliwe, ukuta uachwe wazi ukauke. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo tusizungumze habari ya rangi mwaka huo.

## Kura ya mwezi wa nne

Mkutano wa pili ulikuwa na watu 68. Mapendekezo yalikuwa yamegeuzwa: paa kwanza, kisha umeme, kisha kisima, kisha njia ya viti vya magurudumu, na vigae na rangi mwishoni ikiwa fedha zitabaki. Waliokubali 51, waliokataa 14, watatu hawakupiga kura.

Hao 14 walikuwa na hoja ya haki. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutoa fedha, na walizitoa kwa ajili ya vigae. Mwenyekiti alikubali kwamba mkutano hauwezi kuzigeuza kwa kura. Mashemasi walikwenda kwa kila mtoaji kumwomba ruhusa. Wote waliridhia isipokuwa wawili, na fedha za hao wawili zikabaki za vigae hadi leo. Kumbuka jambo hili, kwa maana mwezi wa nane sisi wenyewe tulilisahau.

Mambo mengine yalipita haraka: hakuna mkopo, sahihi mbili kwa kila malipo, hesabu kubandikwa ubaoni kila mwezi, na asilimia 10 ya malipo ya fundi kuzuiwa mpaka msimu wa mvua upite juu ya paa jipya. Hakuna aliyeuliza kuhusu akiba ya dharura.

## Miezi ya kuabudu majumbani

Paa likifunguliwa, ukumbi hauingiliki. Kwa muda wa miezi mitatu kanisa liligawanywa katika vikundi vinne vya nyumbani, na Jumapili moja ya kila mwezi wote walijibana katika bawa la madarasa.

Hakuna aliyepanga vikundi kama huduma. Vilikuwa namna ya kukwepa vumbi. Lakini sebuleni huwezi kukaa kiti cha nyuma. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa kichwa tu miaka kumi walijua sasa nani hana kazi na nani anaumwa mgongo. Mashemasi, ambao kazi yao ilikuwa imebaki kupitisha vikapu vya sadaka na kugawa Meza ya Bwana, ilibidi waongoze maombi na kujibu maswali. Darasa la ubatizo lilianzia humo.

Waliopotea ni wadogo. Watoto chini ya miaka kumi walicheza chini ya meza wakafurahi. Wenye miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano hawakuwa na darasa wala mwalimu. Walikuwa wakubwa mno kwa mchezo, wadogo mno kwa mazungumzo. Tulipofungua ukumbi, baadhi yao hawakurudi, na wazazi wao walikuja peke yao.

## Fedha zilizohamishwa

Paa lilipofunguka, kenchi mbili mbovu zikawa tano. Makadirio yetu hayakuwa na nafasi kwa jambo hilo, ingawa kila aliyewahi kufungua jengo la zamani atakuambia utenge asilimia 10 hadi 15 kwa usiyoyaona. Ijumaa jioni fundi alitaka mbao ifikapo Jumatatu; ukumbi ulikuwa wazi juu, na mawingu yalikuwa yameanza.

Mashemasi watatu na mweka hazina walizungumza kwa simu. Walichukua fedha kutoka mfuko wa uinjilisti na wahitaji, "kwa wiki mbili". Haikuwa vigumu, kwa sababu mifuko yote ilikuwa katika akaunti moja ya benki. Ilitenganishwa na mistari ya daftari tu. Mchungaji hakuambiwa.

Wiki mbili zilikuwa saba. Katika wiki ya tatu mama mjane aliomba msaada wa kodi ya nyumba, ombi la aina ambayo kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku mbili. Alingoja siku tisa. Katika siku hizo mweka hazina, kwa hiari yake, alibandika ubaoni hesabu ya mwezi na mbele ya mfuko huo akaandika kwa wino mwekundu: *umekopwa*.

Nimeshuhudia vikao vikali, lakini kile kilichoitishwa wiki ile sikitamani tena. Hakuna aliyesema fedha zimeibwa. Walisema jambo baya zaidi: kwamba waliombwa ruhusa ya fedha za vigae, lakini kwa fedha za wajane hakuna aliyeona haja ya kuomba. Shemasi mmoja alijaribu kueleza habari ya mawingu. Mama yuleyule wa mwezi wa kwanza akamjibu kwamba mawingu hayana sahihi katika akaunti.

Wabaptisti wana historia ndefu ya fedha ndogo zenye kazi inayojulikana. Chama cha umisionari kilichoundwa na William Carey na wenzake huko Kettering, Uingereza, mwaka 1792, kilianza na ahadi za pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Kiasi hicho hakingejenga hata ukuta, lakini kila aliyeahidi alijua fedha yake inakwenda wapi.

Mkutano uliamua mfuko urudishwe kwa makusanyo ya kwanza kabla mbao nyingine haijanunuliwa, akaunti zitenganishwe, na mkutano wa dharura uweze kuitwa kwa taarifa ya siku saba. Mashemasi wawili waliomba radhi wamesimama. Wa tatu alijiuzulu.

## Kisima

Fundi umeme alikuta hita ya maji ya kisima haina waya wa ardhini, na kebo ya kipaza sauti inapita ukingoni. Alituuliza kama tunajua yaliyotokea Waco, Texas, mwaka 2005, ambapo mchungaji wa kanisa la Kibaptisti alikufa kwa umeme akiwa majini mbele ya waumini, alipogusa kipaza sauti. Baada ya hapo hakuna aliyebishana naye. Hita huchomolewa kabisa kabla mtu hajaingia, kipaza sauti chochote hakimfikii aliye majini, na saketi yote ina kifaa cha kukata umeme unapovuja miliampia 30.

Kisha swali la uzito. Kisima chetu kina urefu wa mita 2.5, upana 1.5, na maji hujazwa hadi mita moja. Hizo ni mita za ujazo 3.75, karibu tani nne, juu ya sakafu ambayo kwa miaka ilibeba nyota ya Krismasi. Mhandisi alikagua nguzo za chini akaturuhusu.

Kujua kama kinavuja tulitumia njia ya ndoo. Ukijaze kisima, uweke alama ya penseli ukutani; ujaze ndoo maji yaleyale, uiweke kwenye ngazi ya kisima, nayo uiwekee alama. Hewa hunywa sawasawa kotekote. Baada ya siku mbili maji ya ndoo yalishuka kiasi cha unene wa ukucha. Ya kisima, vidole vitatu. Uvujaji ulikuwa kwenye kiungo cha bomba la kutolea maji, na ukazibwa kwa siku moja.

Njia ya viti vya magurudumu ilijengwa mara mbili. Mlango uko sentimita 45 juu ya uwanja, na kipimo kinachokubalika ni kwenda mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, yaani ilihitajika mita 5.4. Mafundi walijenga mita mbili, nasi tukaisifu. Dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alijaribu kupanda, akarudi kinyumenyume hadi uwanjani. Washirika wenye viti hivyo ni wawili tu na tulikuwa na namba zao za simu.

Mwezi wa kumi na moja walibatizwa watu tisa, sita kati yao kutoka vikundi vya nyumbani. Dada huyo alikuwa miongoni mwao, na njia ya kumzamisha aliitoa mwenyewe: ateremshwe akiwa amekalia kiti cha plastiki. Tulifanya jaribio siku iliyotangulia na kijana mmoja, tukagundua kwamba kiti cha plastiki hakitaki kuzama. Kinaelea na kumpindua aliyekikalia. Jumapili shemasi mmoja alisimama majini akiwa amekanyaga mguu wa kiti kwa nguvu zake zote, mwingine akashika mgongo wa kiti, na mchungaji akambatiza. Picha nzuri za siku hiyo zinamwonyesha shemasi yule amekunja uso kama mtu mwenye maumivu ya jino.

## Mwaka ulipofungwa

Paa halikuvuja msimu mzima, na fundi alilipwa asilimia zake kumi. Mfuko wa wahitaji ulirudishwa wote. Vikundi vitatu kati ya vinne viliendelea baada ya ukumbi kufunguliwa. Cha nne kilikufa mwenyeji alipohama. Mkutano wa kufunga mwaka ulirekebisha katiba ili daftari lipitiwe kila mwaka.

Vigae havikuwekwa. Kwaya ilipungua karibu nusu, kwa kuwa miezi mitatu bila mazoezi iliwazoesha watu kupumzika. Mchungaji aliomba mwezi mmoja wa likizo, na ukweli ni kwamba alistahili kupewa kabla hajaomba.

## Uchambuzi

Watu hupenda kuukumbuka mwaka ule kama mwaka wa paa. Mimi naona paa lilikuwa kazi rahisi. Lilihitaji fundi makini na mpira wa maji. Kilichotuinua na kutuangusha kilikuwa jambo moja: kama tulimwuliza mwenye kitu kabla ya kukihamisha. Tulipowauliza watoaji wa vigae, fedha zilihama bila kelele. Tulipowauliza watu majumbani, daftari lilipungua majina 83 na kanisa likakua. Tulipoacha kuuliza, kwa meseji yangu, kwa simu ya Ijumaa, kwa njia ya mita mbili, tulilipa mara mbili. Mfumo wa Kibaptisti unasimama juu ya kuuliza. Viongozi wengi, nami nilikuwa hivyo, huona kuuliza ni kuchelewa.

Akidi iliyotukwamisha inastahili sifa kuliko mpango uliochapwa vizuri. Kama tungepitisha mambo na watu 41, tungekuwa na vigae juu ya sakafu, rangi mpya juu ya ukuta uliolowa, na kenchi zilizooza juu ya vichwa vya kwaya. Kuna wanaosema akidi ya theluthi ni kubwa mno na ipunguzwe. Sikubaliani. Akidi ilikuwa sawa. Daftari ndilo lililosema uongo.

Kuhusu mkopo wa mwezi wa nane, wengi huwalaumu wale watatu. Nami nawalaumu, lakini si kwanza. Kwanza nalaumu kikao cha mwezi wa nne, nikiwemo mimi na kalamu yangu, kilichopitisha makadirio ya jengo la miaka arobaini bila akiba hata kidogo na kuacha mifuko yote katika akaunti moja. Mtu mwema mwenye paa wazi na mawingu juu yake atachukua fedha iliyo karibu. Wajibu wetu ulikuwa kuhakikisha iliyo karibu si ya mjane. Kilichotuokoa ni wino mwekundu wa mweka hazina. Angeandika kwa wino wa kawaida, au angengoja mkutano wa mwisho wa mwaka, sidhani kama tungepona.

Vikundi vya nyumbani vilifaulu kwa bahati, na bahati si mpango. Kanisa jingine likitaka kufanya vilevile lisingoje paa libomoke, na kwanza lipate mwalimu wa wenye miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Sisi bado tunawatafuta hao wetu, na kwa mara hii tunakwenda nyumbani kwao, jioni.

Binti wa yule mzee huja ibadani siku hizi na kukaa karibu na mlango. Mkuu wa kwaya hajamwomba arudi. Amesema atamtembelea kwanza.

Ukuta wa kaskazini haujapakwa rangi. Fundi alipita mwezi jana, akabandika kipande cha nailoni juu ya matofali, akaziba kingo zake kwa utepe. Kesho yake nailoni ilikuwa na matone upande wa ndani. Amesema tusubiri.